Kipande cha Ngozi Chini ya Kisigino

12 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Ningekupigia simu, lakini kila nikipiga nasikia nyundo tu, nawe unaitika "eeh, eeh", kisha kesho yake unamwuliza mama nilisema nini. Kwa hiyo nimeandika, na barua nimeitia ndani ya kiatu cha kulia ili usiseme hukuiona.

Hizi raba zimekwisha soli. Naomba uzitie nyingine, nyepesi kadiri utakavyoweza. Sababu ni hii. Kikosi cha zimamoto cha huku kinatafuta wanawake wawili wa timu yao ya riadha. Anayechukuliwa anaajiriwa, anapewa sare na chumba kambini. Mchujo ni tarehe 14 Juni, mita elfu tano, na ni lazima umalize chini ya dakika kumi na nane. Mwisho wa umri ni miaka ishirini na sita. Mimi Agosti natimiza ishirini na saba, kwa hiyo habari ya kujaribu tena mwakani haipo.

Juzi nilijipima uwanjani nikapata dakika kumi na tisa na sekunde kumi na nne. Najikaza mpaka nasikia ladha ya chuma mdomoni, na saa haisogei. Sijui nijikaze vipi zaidi ya hapo. Sitaki kuzeekea kwenye chumba cha kufulia cha hospitali nikikunja mashuka ya watu nisiowajua. Nimekwambia wewe, mama usimwambie kwa maneno hayo.

Naomba zirudi kabla ya Jumatatu. Sakafu ya huku ina maji.

Mpwa wako,
Kishindo


15 Januari

Mpwa wangu Kishindo,

Marahaba. Soli nimetia. Kabla ya kuzing'oa zile za zamani nilizitazama vizuri, na nakuandikia nilichokiona, maana soli haina adabu, inasema kila kitu.

Mimi sijawahi kukimbia ila kukimbia mvua. Lakini nimeshona viatu vya wakimbiaji wa mji huu miaka thelathini na mmoja, na wale wanaoshinda huniletea viatu vilivyolika namna moja: katikati ya unyayo, kidogo kidogo, kisigino kikiwa karibu kipya. Vyako vimelika nyuma kabisa, kwenye ukingo wa kisigino. Maana yake unautupa mguu mbele mbali, unatua na kisigino, na kila hatua unajifungia breki mwenyewe. Unakwenda unasimama, unakwenda unasimama, kisha unaishangaa saa. Kujikaza hakutakusaidia kitu, utaongeza breki tu.

Fupisha hatua. Mguu utue chini ya kiwiliwili, usitue mbele yake. Hatua zikiwa fupi zitabidi ziwe nyingi, na hapo ndipo penye kazi. Hesabu unapiga ngapi kwa dakika moja, uniandikie. Usibadili yote siku moja, mashavu ya miguu yatakukomesha.

Jambo jingine. Kisigino cha kushoto kimelika karibu mara mbili ya cha kulia. Je, mguu wa kushoto unakuuma? Nijibu kweli.

Na mashuka lazima yakunjwe na mtu. Lakini nimekuelewa.

Mjomba wako,
Fundi


15 Januari

Dada,

Shikamoo. Mwanao ameniletea raba zake kwa basi. Nimezishona nikazirudisha leo hii hii, ila kuna kitu nimekifanya ambacho yeye sikumwambia, na sipendi nikae nacho peke yangu.

Kisigino chake cha kushoto kinalika vibaya kuliko cha kulia. Nimekaa nacho mkononi nusu saa. Mguu unaotua hivyo ni mguu mfupi, dada. Ni ule ule. Alikuwa na miaka minne, nikampakia nyuma ya baiskeli bila kumfunga miguu kwa kitambaa kama ulivyoniagiza, mguu wa kushoto ukaingia kwenye njiti za gurudumu, ukavunjika. Ninyi mlimwambia alianguka ngazini ili asiniogope. Daktari alisema umeunga sawasawa. Soli inasema vingine.

Basi nimekata kipande cha ngozi, unene wa sarafu mbili, nikakipunguza kingo, nikakiweka chini ya soli ya ndani, upande wa kisigino cha kushoto. Hatakiona. Kitamsawazisha. Ana mchujo Juni na hana nafasi nyingine, na mimi sikutaka akimbie huku anajua ni mimi niliyemfupisha.

Mdogo wako


23 Januari

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua nimeipata. Mimi ile baiskeli niliisamehe zamani sana, ni wewe uliyebaki nayo. Bado umeitundika nyuma ya kibanda, au umeiuza?

Mwambie mwenyewe. Miguu ni yake.

Dada yako


9 Februari

Mjomba,

Nimehesabu. Napiga hatua mia na hamsini na sita kwa dakika. Nilikuwa najiona naruka, kumbe nasuasua.

Sasa sikia. Huku kazini tuna mashine tatu za kukaushia mashuka. Ya tatu ina ubovu ndani, ikizunguka inagonga, na inagonga kwa mpango. Nimekaa nayo na saa: mara themanini na nane kwa dakika, haipungui haizidi. Mguu wa kulia ukitua kila inapogonga, ni hatua mia na sabini na sita. Basi nikiwa nakunja mashuka mbele yake nakanyaga pale pale nilipo, taratibu, bila kuinua magoti sana. Wenzangu wanasema nimepagawa. Msimamizi aliniuliza kama nabanwa na haja.

Uwanjani ni kazi kweli kweli. Hatua fupi inanifanya nijione mjinga, kama mtu anayekimbia ndani ya sketi ya kubana. Mashavu ya miguu yalinikomesha kama ulivyosema. Wiki mbili za kwanza nyonga ya kushoto iliniuma kidogo, sasa imeacha. Mguu wenyewe hauniumi, wala haujawahi.

Muda wangu jana: kumi na nane na hamsini na moja.

Kishindo


14 Februari

Mpwa wangu,

Hiyo mashine itunze, fundi mitambo asiiguse.

Maumivu ya nyonga niliyategemea, mwili ukisawazishwa hulalamika kwanza. Usiwe na wasiwasi nayo.

Sasa mikono. Kwenye raba zako Januari niliona kidole gumba cha kulia kimesugua ndani kwa ubavu, na wote ninaowafahamu wenye alama hiyo hupeleka mkono ng'ambo ya kifua. Mkono ukivuka vifungo vya shati, kiuno kinazunguka, na mguu unafuata kiuno. Kiwiko kirudi nyuma, moja kwa moja. Ngumi usiibane, jifanye umeshika kitu cha kuvunjika. Na ukichoka usijikunje kiunoni. Lala mbele kidogo kuanzia kwenye vifundo vya miguu, mwili mzima pamoja. Kiuno kikivunjika, kisigino kinatangulia tena, na tumerudi tulikotoka.

Mwezi wa Aprili niletee raba nizione. Sitaki habari za saa, nataka soli.

Fundi


20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Raba hizo hapo. Naomba zirudi upesi.

Kumi na nane na ishirini na moja. Sisikii tena ladha ya chuma. Ajabu ni kwamba nikienda kasi najiona sifanyi kitu, na nikijitahidi ndipo ninapochelewa. Bado mzunguko wa tisa na wa kumi unanishinda. Hapo nasahau kila kitu, narudi kutupa mguu, nasikia kishindo changu mwenyewe kwenye lami.

Fundi mitambo amekuja na sanduku lake la vifaa kuitengeneza mashine ya tatu. Nimemwambia ile ya kwanza ndiyo mbovu zaidi. Ameshinda nayo siku mbili anatafuta ubovu ambao haupo. Dhambi hiyo naomba tugawane.

Kishindo


24 Aprili

Mpwa wangu,

Nimezitazama soli mlangoni, penye jua. Zimelika sawa, kushoto na kulia, unyayo kwa unyayo. Nimewaonyesha wateja wawili ambao hawakuomba kuonyeshwa. Mmoja alikubali ni soli nzuri, mwingine aliuliza kiatu chake kitakuwa tayari lini.

Nimepaka gundi pembeni tu. Ndani sikugusa, kazi ya ndani naijua mwenyewe.

Mzunguko wa tisa: usifikirie miguu. Miguu ikichoka haisikii. Shika mikono, ukiharakisha viwiko, miguu haina budi kufuata. Nafurahi sana, na sisemi hivyo mara nyingi.

Fundi


26 Mei

Mdogo wangu,

Mwanangu alikuja Jumapili. Tangu akiwa mtoto nilikuwa najua amefika kabla hajafika, ndiyo maana tukampa jina lile. Safari hii nilikuwa jikoni, nikageuka nikamkuta amesimama nyuma yangu. Ngazi nzima amepanda sikusikia kitu. Nilishtuka nikamfokea, kisha nikalia kidogo, akanicheka.

Umemwambia ile habari? Naona hujamwambia.

Dada yako


2 Juni

Mjomba,

Kumi na nane na sekunde nne. Zimebaki sekunde nne na siku kumi na mbili.

Habari nyingine ni hii. Tumechujwa kwa karatasi za maombi, tumebaki wanawake tisa. Kikosi kimetupima miguu, na siku ya mchujo kila mmoja atapewa raba mpya, za aina moja, na ni lazima azivae hizo. Mwalimu wao wa mazoezi anasema hataki kusikia nani ana viatu vya nani. Zangu ulizozishona zitanisubiri kwenye begi. Nitaziweka mahali zione.

Kishindo


8 Juni

Mpwa wangu,

Ningeweza kupiga simu. Nimeinua simu mara tatu. Maneno ya aibu naona afadhali yaandikwe, mtu akisoma uso wako haupo.

Chini ya soli ya ndani ya raba yako ya kushoto kuna kipande cha ngozi. Nilikiweka Januari. Sikukuambia. Umekimbia juu yake miezi mitano, na hizo sekunde sabini ulizopunguza, sijui ngapi ni zako na ngapi ni za ngozi ile. Sasa unapewa raba ambazo hazina kitu ndani, na ni mimi niliyekufikisha hapo. Nilikisahihisha kiatu badala ya kukusahihisha wewe. Ndicho ninachojua kufanya.

Nilikiweka kwa sababu mguu wako wa kushoto ni mfupi. Hukuanguka ngazini. Nilikupakia kwenye baiskeli yangu ukiwa na miaka minne, nilikuwa na haraka, sikukufunga miguu, mguu ukaingia kwenye gurudumu. Nakumbuka ulivyokuwa unaniuliza kwa nini nalia mimi wakati aliyeumia ni wewe.

Humu ndani kuna kipande kingine, kipya, kipimo kile kile. Ukipewa raba, inua soli ya ndani ya kushoto, kiweke, bonyeza kwa kidole gumba. Hakuna atakayeona. Fanya hivyo tafadhali. Baada ya hapo unaweza kunikasirikia kwa nafasi.

Mjomba wako


15 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Dakika kumi na saba na sekunde hamsini na mbili. Nimekuwa wa pili. Wamenichukua.

Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Barua yako ilifika Ijumaa mchana. Niliisoma nimekaa juu ya bando la taulo. Kipande chako kipya sikukiweka. Cha zamani pia sikukimbia nacho, ila zile wiki mbili za kwanza. Nyonga iliponiuma nilifunua kila kitu, nikakikuta. Nilijua mara moja ni mkono wako, hakuna mwingine anayepunguza kingo hivyo. Nikakipeleka kwa yule mama mtaalamu wa viungo wa hapa hospitali, ambaye mashuka yake hukunjwa na mimi. Alinilaza, akanipima kwa utepe kutoka nyonga hadi kifundo cha mguu. Akapima tena upande wa pili. Akarudia, maana nilimsihi arudie. Sentimita themanini na nne kushoto, sentimita themanini na nne kulia. Miguu yangu ni sawa, mjomba. Imekuwa sawa siku zote.

Kisigino cha kushoto kililiwa na toroli. Toroli la mashuka machafu halina breki, na kwenye lifti kuna mteremko, basi nilikuwa nalisimamisha kwa kisigino, mara hamsini, sitini kwa siku. Raba hizo ndizo nilizokuwa navaa kazini pia. Sina jozi nyingine, na sikutaka ujue, maana ungeninunulia. Ulipoandika kisigino kimelika, nilijua ni nini siku hiyo hiyo, nikaacha, nikaanza kulizuia kwa mgongo. Ndiyo maana Aprili uliona soli ziko sawa. Kabla ya kukuletea nilikirudisha kile kipande mahali pake, na zilipofika huku nikakitoa tena.

Habari ya baiskeli mama alinieleza nikiwa darasa la tano. Tulikubaliana usijue kwamba najua. Na hii ya ngozi nilinyamaza kwa sababu niliogopa ukisikia umekosea utajiona umeniumiza mara ya pili. Nilikosea. Ningekwambia Februari usingeishi na hofu hiyo mpaka Juni. Nisamehe.

Lakini kuhusu kutupa mguu mbele ulisoma sawasawa, na kuhusu mikono, na mzunguko wa tisa. Hivyo ndivyo vilivyonipeleka. Mashine ya tatu ilitengenezwa Mei, ikanyamaza. Jana mlio wake nilikuwa naugonga mwenyewe kichwani. Kwenye mzunguko wa tisa nilishika viwiko kama ulivyosema, nikampita mmoja, na kwenye wa kumi na moja nikampita mwingine. Wa tatu alifika sekunde tatu nyuma yangu, naye alikuwa chini ya dakika kumi na nane. Alikaa chini pale pale kwenye mstari. Nilimpa maji.

Vipande vyote viwili vimo ndani ya barua hii. Ni ngozi nzuri, utapata kazi nayo.

Mpwa wako,
Kishindo


20 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongera. Barua yako niliisoma kibandani nimesimama, sikufuata agizo lako. Nilipofika kwenye sentimita ilibidi nikae. Kisha nikafunga kibanda, saa nne asubuhi. Mteja aliyekuwa ameacha kiatu kimoja akaondoka na kingine mguuni, na mpaka leo hajanisamehe.

Nimeitafuta barua yako ya Januari. Mwisho kabisa umeandika zirudi kabla ya Jumatatu kwa sababu sakafu ina maji. Uwanjani hakuna sakafu. Miaka thelathini na mmoja nasoma soli, nikashindwa kusoma mstari mmoja. Ningeuliza tu kiatu hiki unavaa wapi, ungenijibu. Sikuuliza kwa sababu nilidhani jibu ninalo, nilikuwa nalo miaka ishirini na miwili.

Sikukasirika kwamba ulikitoa. Niliumia kidogo kwa kazi yangu, maana kilikuwa kimekatwa vizuri, halafu nikafurahi, na furaha haijaondoka. Hizo sekunde zote ni zako.

Dada aliniuliza kama baiskeli nimeiuza. Sijaiuza. Imetundikwa nyuma ya kibanda tangu siku ile, wengi wameitaka, na kila mmoja nilimwambia ni mbovu. Haikuwa mbovu. Jana nimeishusha, nikapangusa kutu, nikaijaza upepo. Vile vipande vyako viwili nimevishonea kwenye kiti, kilikuwa kimepasuka.

Nilizunguka nayo mtaa mmoja. Tairi la mbele linavuja, nitaliziba kesho.

Mjomba wako,
Fundi